Ubavu wa Mwavuli Chini ya Tumbo la Ndege

Dorcas, na ninyi wengine mtakaoketi kwenye kiti cha phonie nyuma yangu, mmeniomba niandike kazi yangu ilivyokuwa. Nilimwambia Dorcas kwamba minye, mimi Nabintu, masomo yangu yaliishia mwaka wa nne wa shule ya primaire, na kalamu inanichosha mkono kuliko jembe. Akanijibu, "Mama, andika tu vile unasemaka." Basi nimeandika vile ninasemaka. Mahali utaona herufi imekosa, soma kwa sikio.

Vyeo na mshahara sitavitaja. Cheo changu kilikuwa kile kiti chenye mguu uliofungwa na waya. Kuhusu mshahara, anayetaka kucheka aulize wengine.

Niliingia biro, ofisi ya ndege hapa Uvira, kama mfuaji. Biro ilikuwa nyumba ya bati karibu na ziwa, na marubani walikuwa wanashuka kutoka milimani wamejaa vumbi na mavi ya ng'ombe. Kazi yangu ilikuwa kufua mashati yao, kufagia, na kupika chai. Katikati ya chumba palikuwa meza, na juu ya meza redio mbili. Moja ilikuwa kubwa kama sanduku la mahari: hiyo ndiyo phonie, ya kuongea na posti zote za milimani na za pwani ya ziwa, kila mahali ndege ilipokuwa inatua. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kuongea na ndege ikiwa angani. Chini ya meza kulikuwa batiri za lori, na waya ulitoka dirishani ukapanda mpaka kwenye mti wa chuma. Siku ya kwanza nilipitisha ufagio chini ya meza, nikanasa waya mmoja, na Uvira nzima ikanyamaza. Posti zote zikafikiri tumekufa.

Aliyekuja kuurudisha ule waya alikuwa Papa Balthazar Kashindi, fundi wa ndege na wa redio. Nilingoja anifukuze. Yeye alikaa chini sakafuni, akanionyesha waya ulipotoka na ulipokuwa unakwenda, akanipa koleo, akasema nifunge mwenyewe, ili kesho ufagio wangu uwe na heshima. Hivyo ndivyo nilivyoanza shule yangu ya pili. Balthazar alikuwa mfupi, masikio makubwa, mtu wa waya siyo wa maneno. Akishika mikrofoni, kigugumizi kilimkamata mpaka posti za mbali zilidhani batiri imekwisha. Lakini mikono yake haikuwa na kigugumizi. Alinifundisha kwamba redio ni kinywa tu, na antena ndiyo koo. Unaweza kuwa na kinywa kizuri namna gani, koo likifungwa, unatoa pumzi bure.

Kwenye mikrofoni nilifika kwa sababu ya kilio. Aliyekaa kwenye kiti cha phonie wakati ule alikuwa Papa Dieudonné, na mama yake alifariki kule Fizi. Asubuhi hiyo ndege iliita, ikaita tena, na ndani ya biro nilikuwa minye na birika. Nikashika. Rubani akauliza kama ninampata vizuri, nikamwambia ninampata kama chumvi kwenye mboga ya sombe. Alicheka mpaka akasahau alichotaka kusema. Dieudonné aliporudi, marubani walimwomba yule mama wa chumvi aendelee kupokea zamu ya asubuhi. Baadaye zikawa zamu zote.

Sasa nikuambie kazi yenyewe, Dorcas, kwa sababu siku hizi muna telefoni yenye picha za mawingu, na mnafikiri mlima unajua habari ya telefoni. Ninaishi Kilibula, chini ya mlima kabisa. Kila asubuhi kabla ya kuosha uso niliangalia korongo la mlima. Ndege zetu zikitoka juu, zilikuwa zinashuka kwenye lile korongo kama mtu anavyoshuka ngazi, halafu zinageuka kwenda kwenye uwanja wetu kule bonde la Ruzizi. Rubani akiwa juu anaona mawingu kwa mgongo wake tu. Aliye chini ndiye anayaona tumbo. Korongo linaweza kuwa wazi juu kama mlango wa kanisa, na chini ukungu umejaa mpaka miti ya mihogo haionekani. Kwa hiyo rubani alikuwa anatuuliza, nasi tulikuwa macho yake ya chini. Asiyeweza kutuuliza, alikuwa anaingia kwa bahati.

Jambo lingine ni vipimo. Balthazar alikuwa na mita moja nzuri ya chuma. Ilikopwa na seremala wa majeneza, na hakuna kati yetu aliyependa kumfuata kuidai. Basi tukapima na kikwembe, ile nguo ya wamama kujifunga kiunoni. Msicheke. Kikwembe cha wax, cha kiwandani chenye maua, kikitoka dukani, upana wake ni uleule, ukinunua Uvira, ukinunua Baraka, ukinunua Bujumbura. Waya wa phonie tulipima vikwembe kadhaa kwa upana wake, tukakata. Antena ndogo ya ndege, ile fimbo, ni upana wa kikwembe uliokunjwa katikati, ukitoa vidole viwili. Balthazar alikuwa anasema, "Mita iko kwa seremala, kikwembe kiko kila nyumba." Tulifundisha hivyo posti zote za pwani, na wamama wa posti walipenda, maana mafundi walilazimika kuwaomba kitu. Sharti lilikuwa moja: kikwembe kiwe kipya, kisiwe kimefuliwa, maana nguo ikioga inajikunja na kupungua.

Halafu kuna watu wa sauti. Hao ndio waliokuwa utajiri wangu. Posti zote nilizijua kwa pumzi kabla ya jina. Yule wa Bijombo, huko juu kwa wafugaji, aliitwa muzee Rutebuka. Kila asubuhi aliniuliza watoto wangu mmoja mmoja kwa jina, nami nikamuuliza ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina, na ndipo tulipofika kwenye hali ya uwanja. Rubani akiwa na haraka aliweza kulia. Kulikuwa na majira ambayo watu wa juu na watu wa chini hawakusalimiana njiani, na unajua, Dorcas, majira hayo hayakwisha yote. Kwenye phonie tulisalimiana. Sikuwahi kumwona, wala yeye kuniona. Alinifikiria mnene, kwa sababu ya sauti. Nami nilimweka kichwani mtu mrefu kama mti wa posta.

Siku ninayotaka kuwaambia ilianza na Rutebuka kutouliza watoto wangu. Aliita asubuhi, akasema moja kwa moja kwamba kuna mgonjwa wa kushusha, kijana mwanaume, tumbo limekuwa gumu kama mbao, na muuguzi wa kule amesema lazima apasuliwe Uvira. Mimi kama kawaida nikauliza jina, kwa ajili ya hospitali. Kwenye phonie ukimaliza kusema unatia "kwako", ndipo mwenzako ajibu, na habari ikimfikia vizuri anasema "bien reçu".

"Enoki. Kwako."

"Enoki wa nani, muzee? Kwako."

Ukisikia mtu wa phonie ananyamaza, jua mambo ni mawili: waya umeanguka, ao anameza kitu.

"Wa kwangu," akasema. Hata "kwako" alisahau.

Kapiteni Byamungu alipanda na ndege palepale. Alikuwa kijana wa Bukavu, mwenye kofia asiyoivua hata mbele ya padri, lakini mikono yake ilikuwa myororo. Alitua Bijombo mapema, jua bado la upole. Enoki alikuwa anabebwa kwenye kipoyi, machela ya miti, kutoka kwa muuguzi, na njia ilikuwa ya matope, kwa hiyo Byamungu akatembea kwenda kuwasaidia. Akaiacha ndege peke yake kwenye nyasi.

Ng'ombe wa kule wanapenda ndege. Ina chuma baridi na ina chumvi ya jasho la watu. Mmoja aliingia chini ya tumbo, akajikuna mgongo kwa raha yake yote. Ndege ile ilikuwa na antena yake chini ya tumbo. Waliporudi na kipoyi, antena ilikuwa kwenye nyasi, vipande, na ng'ombe amesimama pembeni anatafuna kama mtu aliyelipwa.

Rutebuka akaniita kunieleza. Nilimuuliza ng'ombe gani, kwa mazoea tu. Akasema, "Sina nguvu ya kumtaja."

Shida ilikuwa hivi. Ndege ile ilikuwa na redio mbili, lakini ya pili ilikuwa hapa Uvira, mezani kwa Balthazar, imefunguliwa matumbo. Iliyobaki ndani haikuwa na antena, basi ilikuwa kinywa bila koo. Byamungu akashika phonie ya posti, akasema anaweza kuruka, ndege iko nzima, lakini hawezi kuingia korongo akiwa kiziwi wakati mawingu ya mchana yanakusanyika. Amebeba mtu. Akiingia vibaya watakufa wote wawili. Nilimwelewa. Rutebuka naye alimwelewa, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Njia nyingine ilikuwa kipoyi kwa miguu mpaka chini, siku mbili kama mvua inakubali, na muuguzi alisema wazi kwamba Enoki hana siku mbili. Hakuwa na hakika kama anayo moja.

Balthazar alikuwa nyuma yangu amesikia yote. Akafuta mikono na suruali. Akaniambia, mama Nabintu, waulize nani huko ana mwavuli mkubwa, ule mweusi wa wachungaji.

Nikauliza.

"Ni minye," akasema Rutebuka.

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke, mke wake Nabahire, ambaye kwa kawaida hakuwa anakaribia phonie. Alikuwa anasema kwa nguvu ili nimsikie: mwavuli ule ulitoka Bujumbura, unaenda kanisani na harusini tu, na siku ya mvua kubwa alimnyima hata yeye mke wake. Sasa unaliwa na ndege, Mungu yuko. Alikuwa analia, Dorcas, na alikuwa anatania palepale. Wamama wengine wako hivyo. Kinywa kinafanya kazi ili moyo usianguke.

Balthazar akaanza kuniambia, nami nikapeleka juu. Mwavuli una mbavu za chuma. Ubavu mmoja utolewe, nguo ikatwe, kile kijiti kinachoshika ubavu kitolewe pia, ibaki fimbo safi. Antena iliyovunjika imeacha tundu kwenye ngozi ya ndege, na ndani ya tundu kuna waya mzito, una waya wa katikati na wavu wa nje. Wa katikati ufungwe kwenye ubavu wa mwavuli. Wavu wa nje ufungwe kwenye ngozi ya ndege, na pale utakapofungwa, rangi ikwanguliwe kwa kisu mpaka chuma kiwe cheupe, maana rangi ni blanketi, umeme haupiti. Ubavu usiguse ngozi hata kidogo. Kati yao wapitishe kipande cha plastiki cha bidon ya mafuta, kilichokatwa mviringo na kutobolewa katikati. Fimbo iinamishwe kuelekea mkia, isishikwe na nyasi wakati wa kukimbia.

Byamungu ndiye alilala chini ya tumbo akafanya. Rutebuka alikuwa anakimbia kati ya ndege na phonie, maana phonie iko kwenye nyumba kando ya uwanja. Nilimsikia kila mara akirudi, pumzi zake kama za ng'ombe anayepanda.

Ukaja urefu. Kapiteni alikuwa na rula, lakini ilikuwa ya ramani, inapima maili, na kwa maili ubavu wa mwavuli si kitu. Shule ilikuwa imefungwa na mwalimu ameenda soko na ufunguo. Lakini hatukuwa na wasiwasi. Nikasema vile tumezoea: kikwembe kipya, upana, ukikunje katikati, utoe vidole viwili, ukate. Wakapima, wakakata.

Kujua kama antena inatoa sauti, Balthazar alikuwa na ujanja wake. Unachukua balbu ndogo ya tochi, unaifunga vipande viwili vya waya kama pembe, unaishika karibu na ncha ya antena, rubani anabonyeza mikrofoni. Antena ikitupa vizuri, balbu inawaka bila batiri. Ikiwaka nyeupe, uko sawa. Ikiwaka nyekundu, koo lina kikohozi.

Rutebuka akarudi kwenye phonie. Balbu ilikuwa nyekundu, akasema, nyekundu ya kuzimika.

Balthazar akaniambia wakwangue rangi tena. Wakakwangua. Nyekundu. Waangalie bidon, labda ina maji. Wakaifuta. Nyekundu. Nilitoka mlangoni kuangalia mlima, na vidole vya kwanza vya wingu vilikuwa vinashika ukingo wa korongo kama mtu anayepanda ukuta. Niliporudi, Balthazar alikuwa anazunguka meza. Akasema chini kwa chini kwamba labda redio yenyewe imeungua walipoijaribu bila antena. Kama imeungua, imekwisha. Akaniambia nisiseme hilo bado. Rutebuka juu kule akawa anangoja. Kila alipobonyeza mikrofoni nilisikia pumzi yake na nyuma yake mtu anayeugua. Walikuwa wamemleta Enoki ndani ya nyumba ya phonie, kwa ajili ya baridi.

Halafu mikrofoni ikanyang'anywa.

"Mama Uvira, hicho kikwembe unasema, ni kikwembe gani?" Alikuwa Nabahire. Hakujua kusema "kwako", aliachia tu kidole wakati alipochoka.

Nikamwambia kikwembe ni kikwembe, mama.

"Weye! Unazani huku tunavaaka ile ya maua ya kwenu? Wamepima na nguo yangu ya kufunga begani. Iko pana. Mwanamke wa Uvira anaweza kulala ndani na mume wake na mbuzi."

Nikageuka. Balthazar alikuwa amesikia, na alikuwa ameketi sakafuni, palepale alipoketi siku ya ufagio. Miaka yote tumefundisha kikwembe kwenye posti za pwani, ambako kila mwanamke amevaa wax. Waya wa phonie wa Bijombo tuliukata hapa, tukaupandisha ukiwa tayari. Hakuna kati yetu aliyewahi kujiuliza kule juu wamama wanavaa nini. Balthazar akainua uso, na alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. "Ni ndefu," akaniambia. "Ni ndefu tu! Ndefu inakatwa."

Nikamuuliza Nabahire kama hana hata wax moja. Akasema anayo, chini kabisa ya sanduku, alipewa kwenye harusi ya watu wa bonde.

"Imefuliwa?"

"Nani angeifua? Nani huku angeivaa?"

Hilo tusi nililipokea kwa mikono miwili.

Wakapima tena, na mara hii Nabahire mwenyewe ndiye alishika nguo, hakumwachia mwanaume. Wakakata. Rutebuka akarudi mbio, na kabla ya kubonyeza mikrofoni alikuwa tayari anasema, kwa hiyo nilipata mwisho tu: "...nyeupe, mama, nyeupe kama jino."

Waliruka. Kutoka pale, phonie haikuwa na kazi tena. Nilihamia kwenye redio ndogo na kukaa mbele yake. Balthazar alisimama akiwa ameshika waya wa antena yetu, kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa, sijui kwa nini, haukuwa na haja ya kushikwa. Nje, wingu lilikuwa limefika katikati ya korongo.

Sauti ilikuja na mikwaruzo, kama mtu anaongea ndani ya mfuko wa mchele. "Uvira, Uvira, hapa Byamungu. Munanipata? Kwako."

Nilimwambia ninampata. Hapo sikukumbuka chumvi wala sombe.

Akasema yuko juu ya korongo, analiona wazi, mlango uko mkubwa, anashuka. Nikaangalia dirishani. Kutoka juu lilikuwa wazi kweli. Lakini chini, pale korongo linapopinda kabla ya kufikia nyumba za Kilibula, ukungu ulikuwa umeziba ukuta kwa ukuta, mweupe, mtulivu, mzuri kama maziwa. Angeshuka ndani akiwa na furaha, na pale kwenye pinda pasingekuwa na mahali pa kugeuza.

"Kapiteni, usiingie. Juu ni wazi, chini umefungwa. Zunguka kaskazini, bonde la Ruzizi lina jua. Kwako."

Mikwaruzo. Balthazar akabana waya. Mikwaruzo tena, na katikati yake: "...kaskazini. Nazunguka."

Tulisikia ndege kabla ya kuiona. Ilipita mbali, juu ya mashamba ya bonde, ndogo kama nzi kwenye ukuta. Balthazar akaachia waya, akaenda nje kukojoa, na hakurudi mpaka gari la hospitali limepita.

Ubavu ule wa mwavuli ulikaa chini ya tumbo la ndege mpaka antena ya kweli ilipofika kutoka Nairobi. Marubani wengine walimuuliza Byamungu kama mvua ikinyesha tumbo halilowi. Balthazar naye alibadilisha fundisho. Kwenye posti za juu akapeleka fimbo iliyokatwa tayari, na kwenye posti zote akaongeza swali la kuuliza kabla ya kupima: nguo ya nani, na inavaliwaje. Hata ninyi muliulizwa swali hilo mlipoanza, mkacheka. Sasa munajua. Balthazar amekwisha kwenda, Mungu amlaze pema. Hata kitandani alikuwa anataka kujua antena ya Bijombo inasimamaje.

Enoki alipasuliwa siku ileile. Mimi nilikwenda hospitali kila asubuhi kabla ya zamu, nikibeba uji, kwa sababu hakuwa na ndugu mjini, na kwetu mgonjwa bila mtu wa kumletea chakula ni kama hakuandikishwa. Ndege haikuruka siku hizo, mlima ulikuwa umefungwa kabisa, na phonie ya Bijombo nayo ilinyamaza. Baadaye nilijua kwamba mwenye sauti alikuwa njiani, anashuka kwa miguu.

Nilikuwa nimeinama juu ya batiri, naongeza maji, niliposikia "Hodi" mlangoni. Sikuinua kichwa. Nikasema, "Karibu, Bijombo."

Alikuwa mfupi. Mfupi kuliko Balthazar! Matope mpaka magotini, fimbo mkononi, na ananiangalia kama mtu aliyekosea nyumba. Nami sikuwa mnene. Nilimpa kiti changu, nikamuuliza kama ametoka hospitali.

"Bado," akasema. Alikuwa amefika mpaka kwenye geti, akageuka. Aliwaza kwamba akiingia, mtu mwenye koti jeupe ndiye atamwambia habari, mtu asiyemjua. "Habari zote za mtoto wangu nimezipataka kwako, mama. Niambie weye."

Nikaanza kumwambia. Alikuwa ananikazia macho, na nikaona maneno hayaingii. Akatikisa kichwa. Akasema nimsamehe, sura yangu haijui, inafunika sauti, anasikia kama ni mtu mwingine anayesema. Halafu akasimama, akageukia ukuta, mgongo wake kwangu, akaweka kiganja kwenye sikio vile tunavyoshika kofia ya redio ya masikioni.

"Sasa sema," akasema.

Balthazar alikuwa kwenye kona na bisibisi yake. Akaiweka chini.

"Bijombo, Bijombo, hapa Uvira. Unanipata? Kwako."

"Uvira, hapa Bijombo. Nakupata muzuri. Kwako."

"Muzee, Enoki alipasuliwa, ameamka. Leo asubuhi amekunywa uji wote, na amemuuliza muuguzi kama huku mjini kuna maziwa ya kweli ao ni maji ya chokaa. Kwako."

Hakujibu. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Kwenye phonie, mtu akinyamaza namna hiyo, humwiti tena, humwulizi kama anakupata. Unakaa, mkono mbali na kitufe, unamwachia laini wazi.

"Bien reçu," akasema mwishowe, kwa ukuta.

Bado hakugeuka, nasi hatukumharakisha.